Helikopta ya Rimoti: Anza kwa Kuisimamisha Hewani

Mabibi na mabwana, karibuni. Tuanze na kununua.

Zipo helikopta zenye rota mbili, yaani seti mbili za mapanga, moja juu ya nyingine, zinazozunguka kinyume. Hizo hutulia zenyewe, na mwili haujizungushi, kwa kuwa nguvu ya rota moja ya kuuzungusha hufutwa na ya mwenzake. Nyingi zina chaneli tatu tu: kupanda na kushuka, kugeuka, kwenda mbele na nyuma. Zinamfaa mtoto sebuleni, ila hazikufundishi kuizuia helikopta isiteleze kando, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Zile za mwanga wa infraredi huzidiwa na jua pia. Anayetaka kujifunza hasa achukue ya rota moja, chaneli nne, masafa ya redio ya 2.4 GHz, yenye jairo (kifaa kinachohisi mwili ukizunguka na kuuzuia) na mapanga ya pembe isiyobadilika. WLtoys V911 ni mfano mmoja. Zile ambazo mapanga hubadili pembe zikiwa angani ziacheni kwanza. Wepesi wake unatisha.

Kuwasha: rimoti kwanza, kijiti cha kasi kikiwa chini kabisa, kisha betri. Iache imetulia mahali tambarare mpaka taa iache kumeta, maana jairo inajipima. Ukiitikisa wakati huo, ikipaa itajizungusha, nawe utadhani umeuziwa mbovu.

Sasa kuruka. Tafuta chumba cha mita 4 kwa 4, feni imezimwa, madirisha yamefungwa. Mkia ukuelekee wewe. Wengi kwa woga huiinua sentimita 10 na kubaki hapo, kumbe hapo ndipo pabaya kuliko pote: hewa inayosukumwa chini hugonga sakafu na kuiyumbisha. Ipandishe bila kusita hadi usawa wa kiuno. Kwenye rimoti nyingi kijiti cha kushoto ni cha kasi, cha kulia ni cha kwenda mbele, nyuma na kando. Kijiti cha kulia kiguse kidogo, kiachie, tazama inajibuje. Ukikishikilia mpaka isimame, itakimbilia upande wa pili, kwani hujibu kwa kuchelewa.

Ikiteleza upande uleule bila wewe kugusa kitu, tua, ubonyeze trimu, vile vitufe vidogo vya rimoti vya kusahihisha mtelezo, hatua moja moja upande wa pili. Lakini kwanza kagua kama betri imekaa katikati. Trimu haiponyi uzito uliokaa vibaya.

Ukiweza kuisimamisha hivyo hadi betri ikaribie kuisha, igeuze ubavu, baadaye pua ikuelekee. Hapo kulia kwake ni kushoto kwako, na vidole husahau kila kitu.

Ikienda kugonga, shusha kasi hadi sifuri kabla haijagusa. Narudia: kabla. Mapanga yakizuiwa huku mota ina umeme, mota huungua au meno ya gia husagika. Ukizima mapema, mara nyingi hasara ni panga tu. Skrubu za mapanga zisikazwe mno, ili panga likigonga lijikunje. Baada ya ajali zungusha rota kwa kidole: mhimili ukiyumba, umepinda, badilisha. Mtetemo wake huichanganya jairo. Mkia ukishindwa kuuzuia mwili usizunguke, tafuta nywele zilizojisokota kwenye mhimili, kisha kagua propela ndogo. Mota ya mkia huchakaa mapema. Nunua ya akiba siku hiyohiyo.

Betri ya lipo (lithiamu-polima) ya seli moja ni volti 3.7, ikijaa 4.2. Helikopta ikianza kushindwa kupanda, tua. Chini ya volti 3 betri huharibika. Ipoe kabla ya kuichaji, na iliyovimba isichajiwe tena. Mota nazo zipumzike dakika 10 kabla ya betri ya pili.

Haya, maswali.