Berta Cabral: Safari ya Kisiasa kati ya Azores na Lisbon

Waheshimiwa walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana,

Katika uwanja wa mji wa Ponta Delgada, kisiwani São Miguel, yapo matao matatu ya mawe meusi ya volkano yaliyopambanuliwa na chokaa nyeupe, ambayo zamani yalikuwa lango la mji. Hatua chache kutoka hapo lipo jengo la halmashauri. Mwanamke ninayetaka kumzungumzia leo, Berta Cabral, alichaguliwa kuwa meya wa mji huo mwaka 2001, akachaguliwa tena 2005 na 2009.

Tumezoea kusimulia maisha ya wanasiasa kana kwamba ni ngazi, mtu akianzia kijijini na kuishia makao makuu ya nchi. Kwa Azores, visiwa tisa vya Ureno vilivyo katikati ya Atlantiki, ngazi hiyo haitufai. Tangu Katiba ya 1976 visiwa hivi vina serikali yao na bunge lao, na anayevitumikia huwa na mabwana wawili: wapiga kura wa nyumbani, na chama ambacho uongozi wake mkuu uko Lisbon, mwendo wa ndege wa saa mbili na zaidi.

Kabla ya yote tukumbuke wanawake wa Ureno walikotoka. Mwaka 1911 daktari Carolina Beatriz Ângelo alipiga kura kwa sababu sheria iliwaruhusu wakuu wa kaya bila kutaja jinsia, naye alikuwa mjane mwenye kaya yake. Miaka miwili baadaye sheria ikaandikwa upya, ikataja wanaume peke yao. Usawa kamili wa kura ulisubiri Mapinduzi ya 1974, yaliyouangusha udikteta. Maria de Lourdes Pintasilgo aliongoza serikali mwaka 1979 akiwa waziri mkuu, lakini aliteuliwa na Rais, hakuingia kwa kura, na hadi leo hakuna mwanamke mwingine aliyeshika wadhifa huo. Naomba tofauti hii ya kuteuliwa na kuchaguliwa ibaki akilini mwenu.

Berta Cabral ni mtu wa uchumi na fedha kwa taaluma. Mwishoni mwa 2008, akiwa bado meya, alikabidhiwa uongozi wa PSD, chama cha mrengo wa kati-kulia, visiwani. Kazi hiyo haikuwa ya kutamaniwa, kwani Chama cha Kisoshalisti cha Carlos César kilikuwa kimetawala Azores tangu 1996. Hata hivyo César, rais wa serikali ya visiwa, alikuwa anafikia kikomo cha vipindi vyake, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi uchaguzi wa 2012 ungefanyika bila yeye. Ikiwa palikuwa na wakati wa mwanamke kuchukua urais wa visiwa, ulikuwa huo.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mwaka 2011 Ureno ilikuwa imekopeshwa yuro bilioni 78 kwa masharti makali, na serikali iliyoyatekeleza ilikuwa ya PSD, chini ya waziri mkuu Pedro Passos Coelho. Septemba 2012 serikali hiyo ilitangaza kumwongezea mfanyakazi makato ya hifadhi ya jamii huku ikimpunguzia mwajiri. Tarehe 15 ya mwezi huo watu kwa mamia ya maelfu wakamiminika barabarani. Azores ilipiga kura tarehe 14 Oktoba, mwezi mmodi tu baadaye. Berta Cabral, mgombea wa PSD aliyejulikana kwa kazi yake ya umeya, akajikuta amebeba mzigo ambao hakuufunga yeye. Wasoshalisti, wakiongozwa na Vasco Cordeiro, walipata viti 31 kati ya 57, na PSD viti 20. Sidai kwamba Lisbon ndiyo sababu pekee ya kushindwa kwake, lakini atakayeusoma uchaguzi ule bila kuitazama Lisbon atakuwa amesoma nusu ya ukurasa.

Mwaka uliofuata, serikali ileile ilimteua kuwa naibu waziri wa ulinzi wa taifa. Wizara hiyo inagusa visiwa moja kwa moja, kwa sababu ya kambi ya anga ya Lajes, kisiwani Terceira, ambayo Marekani imeitumia tangu Vita vya Pili vya Dunia. Januari 2015 Marekani ilipotangaza kupunguza mamia ya watumishi wake pale, Lisbon iliizungumzia kama suala la ushirikiano wa kijeshi. Katika mji jirani wa Praia da Vitória lilikuwa suala la mishahara, kodi za nyumba na chakula cha watoto. Baadaye mwaka huo alichaguliwa kuiwakilisha Azores katika Bunge la Jamhuri, yaani bunge la taifa mjini Lisbon, ambako visiwa vyote tisa vina viti vitano tu kati ya 230.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwaka 2022 alirudi nyumbani kuwa waziri wa visiwa anayeshughulikia utalii, usafiri na miundombinu. Msidhani hiyo ni wizara ndogo. Kwa mkazi wa Corvo, kisiwa chenye watu wasiofikia mia nne, ndege ndiyo barabara ya kwenda hospitali kubwa, na nauli ya yuro 60 kwenda na kurudi kati ya visiwa ni siasa anayoishika mkononi.

Aliyeiongoza serikali hiyo ni José Manuel Bolieiro. Huyu alikuwa naibu wa Berta Cabral katika halmashauri ya Ponta Delgada, akamrithi umeya mwaka 2012, kisha akaingia kwenye urais wa visiwa mwaka 2020 kwa muungano wa vyama, ingawa Wasoshalisti ndio waliopata viti vingi zaidi. Sina sababu ya kumshuku Bolieiro kwa lolote, na kukubali kufanya kazi chini ya aliyekuwa naibu wako kunahitaji moyo mkubwa. Lakini tangu 1976, si Azores wala Madeira, visiwa vingine vya Ureno vyenye serikali yao, iliyowahi kuwa na rais mwanamke wa serikali yake. Kwa Azores kiti hicho kiko katika Kasri la Sant'Ana, palepale Ponta Delgada, katika mji ambao Berta Cabral aliuongoza kwa zaidi ya miaka kumi.