Usiniambie Inakuza Mara Ngapi

(Mhadhara kwa walimu wa sayansi na wataalamu wa maabara, Dar es Salaam)

Walimu wangu, wakuu wa shule, na ninyi wenzangu wa maabara mliokimbilia feni kule nyuma: habari za asubuhi. Wakubwa zangu, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie hadubini inayofaa kununuliwa, ya darasani na ya maabara ya zahanati. Mwalimu mmoja kanipa na karatasi ya bei ya muuzaji, niipitie. Mstari wa kwanza, kwa herufi nene: inakuza mara 2500. Naanzia hapo, na huenda nikakawia hapo.

Ukuzaji ni hesabu ya kuzidisha tu. Lenzi ya jicho ikiwa ya 10, na ile ya chini inayotazamana na slaidi ikiwa ya 40, unapata 400. Ya chini ikiwa ya 100, unapata 1000. Muuzaji huyu katia kwenye boksi lenzi ya jicho ya 25, akazidisha kwa 100, akapata 2500 yake. Hesabu haina kosa. Lakini nani hapa hajawahi kutumiwa picha ya harusi kwa WhatsApp, akaivuta kwa vidole viwili amwone shemeji aliyekaa mstari wa nyuma? Unavuta, shemeji anakuwa mkubwa, na sura inazidi kupotea. Hadubini ya 2500 ndiyo hiyo.

Ishike lenzi ya chini usome ubavuni. Baada ya 40 utaona mkwaju, kisha 0.65. Hiyo namba ya pili ndiyo bei unayolipia. Inaeleza lenzi inaweza kupokea mwanga kutoka upana gani. Mimi naiita namba ya mwanga. Ernst Abbe, Mjerumani wa mji wa Jena, alionyesha mwaka 1873 kwamba uwezo wa kutenganisha nukta mbili zilizokaribiana unategemea namba hiyo pamoja na urefu wa wimbi la mwanga. Lenzi ya 4 kwa kawaida ina 0.10, nayo haitenganishi nukta zilizo karibu zaidi ya maikromita 3 na kitu (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Ya 40 yenye 0.65 inafika nusu maikromita. Ya 100 yenye 1.25 inafika robo ya maikromita hivi, na hapo mwanga wa kawaida umefika mwisho wake. Ukuzaji wenye faida hauzidi mara 1000 ya namba ya mwanga. Kwa 1.25, basi, ni 1250. Kinachobaki hadi 2500 ni shemeji.

Chembe nyekundu ya damu ina upana wa maikromita 7 hivi. Kijidudu cha malaria kinapokuwa bado pete changa ndani yake ni kidogo zaidi, na nukta ya kiini chake ni ndogo kuliko pete. Ndiyo maana mtu wa maabara hasomi malaria bila lenzi ya 100 na tone la mafuta. Wanafunzi hudhani mafuta ni ya kulainisha. Hapana. Mwanga ukitoka kwenye kioo kuingia hewani hupinda, na ule wa pembeni unapotea. Mafuta yale yanaupindisha mwanga karibu sawasawa na kioo, 1.515 kwa 1.52, kwa hiyo mwanga unapita kama hakuna mpaka. Lenzi inayotazama slaidi kupitia hewa tu haifikishi namba ya mwanga ya 1. Mafuta ya kupikia hayafai, na mafuta ya mti wa mwerezi ya zamani yakiachwa hukauka yakaganda kama gundi. Ukimaliza, futa kwa karatasi ya lenzi. Si kwa koti. Nawaona wenye makoti mnacheka.

Robert Koch, aliyetangaza bakteria wa kifua kikuu mwaka 1882, alikuwa akitumia lenzi ya mafuta na kondensa ya Abbe. Mwaka 1897 hadi 1898 alikuwa hapa hapa Dar es Salaam, akichunguza malaria kwenye damu. Vifaa hivyo viwili bado vipo kwenye hadubini mtakayonunua kesho, na kimoja kati yake, kondensa, ndicho kinachosahauliwa kuliko vyote. Ni zile lenzi zilizo chini ya meza ya slaidi, zinazokusanya mwanga na kuupeleka juu kwa upana. Hadubini isiyo na kondensa inayopanda na kushuka, yenye kiwambo cha kufungua na kufunga, isiingie maabara ya zahanati. Lenzi yako ya 1.25 italishwa mwanga wa 0.3, haitafikia uwezo wake. Nimekuta mahali watu wanalalamika lenzi ya 100 imekufa. Kondensa ilikuwa imeshushwa hadi chini, pengine tangu siku ilipofungwa. Nikaipandisha. Nikanywa soda yao, nikaondoka.

Kwa darasa ambalo halifiki lenzi ya 100, na kusema kweli darasa la ngozi ya kitunguu halihitaji, tosheka na 4, 10 na 40. Fedha inayobaki inunue hadubini ya pili. Wanafunzi 60 kwenye foleni ya jicho moja, somo linakwisha wa thelathini bado anasubiri. Skrubu kubwa, ile ya kupandisha na kushusha meza ya slaidi, iwe nzito kiasi, isiachie meza ikashuka yenyewe. Skrubu ndogo, ya kunoa picha, ipokee kidole bila kuruka. Lenzi ya 40 iwe na springi puani, kwa sababu mtoto ataigonga slaidi, hilo halina mjadala. Iko juu ya kioo kwa chini ya milimita moja tu. Kioo cha kufunikia kiwe cha milimita 0.17, kama lenzi yenyewe ilivyoandikwa.

Macho mawili au moja? Shuleni moja linatosha. Kwenye zahanati, anayesoma damu nzito, yaani tone nene la damu kwenye slaidi, anatakiwa apitie angalau maeneo 100 ya lenzi ya mafuta kabla ya kuandika hakuna malaria. Zidisha kwa slaidi za asubuhi moja. Mpe macho mawili, na kiti chenye mgongo.

Taa: chukua ya LED, haipashi joto na haili umeme, na nyingine zinakuja na betri ya kuchaji. Umeme wetu mnaujua. Shule isiyo na umeme inunue yenye kioo cha kuakisi: upande bapa ukiwa na kondensa, upande wa mbonyeo usipokuwa nayo. Kioo kisielekezwe kwenye jua lenyewe kamwe, jicho la mtoto halina spea.

Sasa adui wa Dar es Salaam hasa: ukungu. Ule wa kuota, kama wa mkate. Joto hili na unyevu wa bahari ndivyo unavyovipenda, na masika ndiyo sikukuu yake. Unaota juu ya lenzi kama utando wa buibui, unakula rangi ya kinga, na ukishaila hata fundi hairudishi. Watu wema hufunga hadubini kwenye mfuko wa nailoni, wakaukaza. Wameufungia na unyevu ndani. Iweke kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka muda wote, au kwenye boksi linalofunga vizuri pamoja na silika jeli, vile vipunje vya kunyonya unyevu. Ile yenye rangi ya buluu ikigeuka waridi imeshiba maji. Ikaushe kwa moto mdogo, itarudi buluu.

Kuna aliyeuliza asubuhi kuhusu iliyotumika, kama anunue. Nunua, ila nenda na slaidi yako mfukoni, usitumie ya muuzaji. Ukiona doa, zungusha lenzi ya jicho: likizunguka nalo, uchafu uko hapo. Sogeza slaidi: likisogea, ni la slaidi. Lisipofuata chochote kati ya hivyo, badilisha lenzi ya chini. Likitoweka, umempata mkosaji. Likibaki kwa lenzi zote, liko ndani ya bomba au kwenye taa, bei ishuke. Kisha tazama kingo za duara: katikati pakiwa safi na pembeni pameyeyuka, ni lenzi ya kawaida, inafaa shule. Ikiwa safi hadi ukingoni, ni zile tambarare, ghali zaidi.

Nimeweka mbili pale mezani, moja nzima na moja nimeiharibu kwa makusudi. Mtaniambia ipi, na imeharibikia wapi. Wenye miwani waanze, maana nataka niwaonyeshe pete ya kurekebisha jicho la kushoto kabla foleni haijawa ndefu.