Dawa ya kolesteroli: kidonge kilekile, bei haieleweki

Haya jamani, mpo? Niko jikoni kwangu hapa Waltham, Massachusetts, baridi ya nje acha tu, na leo siwaonyeshi theluji wala supamaketi. Ngoja nisogeze kamera. Hili kopo la rangi ya chungwa ni dawa yangu ya kolesteroli, na hili boksi tupu ni la mama, alimpa jirani yetu aliyekuja kutoka Arua, kule Uganda, aniletee, eti nimnunulie "ile ya Marekani" kwa sababu ile ya Arua ni ya bei rahisi mno, haitakuwa na nguvu.

Mimi mwenyewe nilivyoanza dawa hii bima ya kazini ilikuwa bado haijaanza, nikaenda famasi moja kubwa, jina nalimeza, dada wa kaunta ananiambia vidonge 30 ni dola 74. Nikauliza na Lipitor je, yaani dawa hiyohiyo yenye jina la kampuni, akacheka, akasema hiyo ni mamia ya dola. Nilisimama pale kama mtu aliyeachwa na basi la mwisho Gulu, mpaka mama mmoja wa kwetu aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaniambia kijana, una simu ya nini, tafuta kuponi ya kupunguziwa bei. Nikatafuta, nikaonyesha, bei ikawa dola 11. Banange! Kaunta ileile, kopo lilelile, hata dakika tano hazijaisha, na kama yule mama asingefungua mdomo ningelipa 74 na asante juu.

Sasa hiyo Lipitor ni nini? Ni atorvastatini yenye jina la Pfizer. Inazuia ini lisitengeneze kolesteroli nyingi, basi. Walikuwa na hataza, yaani hakuna mwingine kuitengeneza, na kuna miaka waliuza kwa zaidi ya dola bilioni 10 kwa mwaka. Mwisho wa 2011 hataza ikaisha Marekani, viwanda vingine vikaingia, bei ya ile isiyo na jina ikaporomoka. Crestor nayo, dawa nyingine ya kolesteroli, ambayo ni rosuvastatini, ikafuata 2016. Halafu 2022 Mark Cuban, yule tajiri wa basketi, akafungua famasi ya mtandaoni, anakuonyesha yeye kanunua kwa ngapi, anaongeza asilimia 15 na ada kidogo, unajua kila senti imeenda wapi. Mimi siku hizi naagiza huko ya miezi mitatu mara moja.

Kuna na sindano, Repatha, ilikuja 2015 kwa zaidi ya dola 14,000 kwa mwaka, baadaye wakashusha ikawa chini ya 6,000. Hiyo ni ya wale vidonge vimewashinda au ugonjwa uko kwenye ukoo, mtu asikuanzishie huko.

Sasa turudi kwa boksi la mama. Someni hapa: atorvastatini, miligramu 20, imetengenezwa India. Na kopo langu? Atorvastatini, miligramu 20... India! Nilimpigia mama nikamwambia, akanyamaza kwanza, halafu ndiyo akasema ukweli, kumbe alikuwa anameza siku moja anaruka siku moja ili vifike mwisho wa mwezi. Sasa vitafanyaje kazi mama? Hii siyo panadol.

Kwa hiyo nyinyi mnaonunulia wazee, andikeni kwenye karatasi jina la dawa yenyewe, siyo la kampuni, na miligramu zake, maana ukilinganisha bei ya 10 na ya 40 unajidanganya, halafu ulizeni famasi tatu kabla ya kutoa hela. Na kubadilisha kutoka aina moja kwenda nyingine ni kwa daktari, msije mkasema nimewaambia mimi.

Mama amekubali kumeza kila siku, vyake vya Arua. Ila anataka kopo. Hili la chungwa, tupu, aviweke humo. Jirani anarudi Jumamosi, nimeshaliosha.