Kani, Mwendo na Nishati: Kutoka Baiskeli za Tanga hadi Mteremko wa Lushoto

Waheshimiwa walimu, nanyi wanafunzi wapenzi mliokusanyika hapa Tanga,

Watu wengi huamini kwamba chombo kinachokwenda ni lazima kisukumwe wakati wote, na kwamba msukumo ukikoma, mwendo nao hukoma. Imani hiyo ni ya kale, kwani Aristotle aliifundisha huko Ugiriki zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na kila mwendesha baiskeli wa mji huu anaweza kudhani ameithibitisha: akiacha kukanyaga pedeli, baiskeli hupunguza kasi hadi ikasimama. Galileo, mwanasayansi wa Italia, aliutazama mwendo kwa namna nyingine. Alitafakari gololi inayoteremka ubao mmoja na kuupanda wa pili, akaona kwamba kadiri ubao wa pili unavyolazwa ndivyo gololi inavyokwenda mbali zaidi, na kwamba ukilazwa kabisa, pasipo msuguano, gololi haina sababu ya kusimama. Isaac Newton aliifanya hoja hiyo kuwa kanuni ya kwanza ya mwendo katika kitabu alichokitoa mwaka 1687.

Kwa hiyo baiskeli haisimami kwa kukosa kani, yaani msukumo au mvuto. Husimama kwa sababu kani zipo, yaani msuguano wa beringi, mbonyeo wa matairi na upinzani wa hewa. Nawasihi mlishike jambo hili kuliko fomula yoyote, maana hapa ndipo wengi hupotea. Mkiulizwa kuhusu baiskeli inayokwenda kwa kasi isiyobadilika kwenye barabara tambarare iliyonyooka, mtavutika kujibu kwamba kani ya kuisukuma mbele imeizidi ile inayoipinga. Sivyo: kani hizo mbili zimelingana, kwa kuwa ingezidi ya mbele, kasi ingeendelea kuongezeka. Baiskeli na mwendeshaji wake wakiwa na jumla ya kilo 70, ziada ya nyutoni 35 (nyutoni ni kipimo cha kani) huwapa mchapuko, yaani ongezeko la kasi, wa nusu mita kwa sekunde katika kila sekunde.

Tukija kwenye nishati, nishati mwendo, yaani nishati ya kitu kinachokwenda, ni nusu ya tungamo (kilo zake) ikizidishwa kwa kipeo cha pili cha kasi, na hicho kipeo cha pili kina uzito mkubwa barabarani. Wale kilo 70 wakienda mita 4 kwa sekunde wana juli 560 (juli ni kipimo cha nishati). Wakienda mita 8 wana juli 2,240. Breki zikizuia kwa kani ya nyutoni 140, safari ya kwanza itasimama baada ya mita 4, na ya pili baada ya mita 16. Kasi imeongezeka mara mbili tu, lakini umbali wa kusimama umeongezeka mara nne, na kwa pikipiki hesabu ni ileile.

Nishati hiyo haipotei, bali hugeuka joto. Wale waliowahi kuteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo wanaujua ule mteremko wa karibu mita 1,000. Lori la tani 10 likishuka kimo hicho huachia takriban juli milioni 98 za nishati tuli, yaani nishati ya kuwa juu, na likifika chini kwa mwendo wa taratibu, karibu nishati yote hiyo imekwisha kugeuka joto. Ni joto linalotosha kuchemsha zaidi ya lita 300 za maji yaliyokuwa na nyuzijoto 30. Breki zikiachiwa mzigo huo peke yake hupata moto kupita kiasi na kushindwa kushika, na ndiyo sababu dereva makini huingiza gia ndogo kabla ya kuanza kuteremka: injini inayozungushwa na magurudumu huupinga mwendo, na sehemu kubwa ya joto hutokea humo na katika moshi wake badala ya kurundikana kwenye breki.