Kabla Hamjamwita Mtukutu: Mtoto wa Awali Asiyetulia

Mhadhara kwa wazazi, walezi na walimu wa madarasa ya awali, Dodoma

Ndugu wazazi, walezi na walimu, karibuni sana. Nitakwenda polepole, na anayetaka kuandika aandike, kwa sababu mengi ya leo ni ya kwenda kufanya nyumbani na darasani.

Mchukueni mtoto wa miaka minne na nusu, yuko darasa la awali hapa Nkuhungu au Chang'ombe. Mwalimu yuko ubaoni, anasema kwa pumzi moja: "Kaeni chini, toeni madaftari, andikeni a." Wenzake wamekaa. Yeye amekaa, ameinuka, ameona penseli ya jirani, ameichukua, amesikia bodaboda nje, tayari yuko dirishani. Hata saa nne haijafika na jina lake limeshaitwa mara ngapi sijui. Nyumbani ni hivyohivyo: amepanda dirisha, amemwaga maji ya kunywa, amemkatiza bibi maneno. Mtaani wameshampa majina. Mtukutu, kichwa ngumu, kadekezwa, wengine wanasema ana mkono wa mtu. Na ninyi mliosoma kidogo kwenye simu mmekuja na jina jipya, ADHD.

ADHD ipo kweli. Ni tofauti katika ukuaji wa ubongo, hasa zile sehemu zinazofanya kazi ya breki: kusubiri, kushikilia agizo kichwani, kumaliza jambo kabla ya kurukia lingine. Duniani hukadiriwa kuwapata watoto 5 hivi katika kila 100, wavulana wakiwa wengi kuliko wasichana. Hurithiwa kwa kiasi kikubwa, kwa hiyo baba anayemlaumu mama kwa malezi mara nyingi angejiuliza yeye mwenyewe alikuwaje akiwa darasa la kwanza. Wala si jambo la juzi. Mwaka 1902 daktari wa watoto George Still alisimama London akaeleza watoto wa namna hii hii.

Ila kulithibitisha kwa mtoto mdogo ni kazi ngumu. Kabla ya kufikisha miaka minne karibu kila mtoto anarukaruka, anakatiza maneno na hawezi kusubiri zamu, na hata mtaalamu hupata shida kutenganisha. Masharti yanayotumika hospitalini ni makali. Zipo dalili 9 za kutozingatia na 9 za kuhangaika na kukurupuka, na mtoto awe na angalau 6 katika kundi moja. Ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi. Zionekane sehemu mbili au zaidi, kwa mfano nyumbani na shuleni. Zizidi umri wake, na zimharibie maisha: hana rafiki, hajifunzi, anaumia kila siku. Mtoto anayesumbua kwa mwalimu tu na kwa bibi yake anatulia, hapo tuangalie darasa kwanza.

Walimu, angalieni sana tarehe za kuzaliwa. Katika nchi nyingi imeonekana kwamba watoto wadogo kuliko wote darasani ndio wanaobandikwa jina hili zaidi. Katika umri wa miaka mitano, miezi kumi na moja ni tofauti kubwa mno. Mkitaka kumpima kwa haki, chagueni watoto wengine wawili wa jinsia na umri uleule, kisha kwa dakika 10 wekeni alama kila mmoja anapoondoka mahali pake. Fanyeni hivyo siku tatu tofauti. Mara nyingi tunagundua yule "mtukutu" ameondoka mara sita na mwenzake mtulivu mara tano, ila huyu wa kwanza anaondoka kwa kelele.

Kabla ya kufika kwenye ADHD kuna milango mingine ya kugonga, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watoto wetu wengi wanapopotea.

Mlango wa kwanza ni masikio. Mtoto aliyetokwa usaha sikioni mara kwa mara anaweza kuwa anasikia nusu ya maneno. Simama nyuma yake hatua tatu, mwite kwa sauti ya chini wakati hakuoni. Asipogeuka, rudia siku nyingine, kisha mpeleke apimwe. Wa pili ni usingizi. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji kulala saa 10 hadi 13 kwa siku, ukijumlisha usingizi wa mchana. Mtu mzima akikosa usingizi husinzia, lakini mtoto huchachamaa. Anayekoroma kila usiku, anayelala mdomo wazi na kutoka jasho, huenda ana nyama za puani au tonsesi zilizovimba, na pumzi yake inakatika usiku. Msimu huu wa upepo na vumbi la Dodoma, pua zikiwa zimeziba miezi mizima, msikilizeni akiwa amelala.

Kisha damu. Kwa mtoto wa umri huu, hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita ni upungufu wa damu, na ukosefu wa madini ya chuma huathiri utulivu na umakini hata kabla hajaonekana amepauka. Anayekula udongo au mkaa msimchape, mpimeni. Uji wa uwele na mtama una chuma, lakini mwili hukipata kwa shida, na chai ya rangi ikinywewa pamoja na chakula huzidi kukizuia. Chai ingoje muda wa saa moja baada ya kula. Mlenda na maharage yaende na kitu kichachu, kama ubuyu ambao haukuchemshwa au chungwa. Dawa ya minyoo nayo apewe kila kampeni inapopita, maana minyoo ya safura hunyonya damu.

Kuna kifafa kisicho na kuanguka. Mtoto anaduwaa sekunde chache, kope zinapepesa, kisha anaendelea alipoishia. Mguse bega. Aliyekuwa kwenye mawazo atarudi, mwenye kifafa hicho hatarudi mpaka kipite. Tena wapo watoto waliopata degedege wakaanzishiwa fenobabitoni. Dawa hiyo ni nafuu na inazuia kifafa vizuri, lakini kwa baadhi ya watoto huleta utukutu mkubwa. Msiikatishe wenyewe, kwa sababu kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege baya kuliko la mwanzo. Rudini kwa daktari, mwambieni lini utukutu ulianza na lini dawa ilianza. Na ile tabia ya kumpa mtoto dawa ya mafua ili asinzie, nawaombeni iishe. Baadhi ya watoto huwapandisha badala ya kuwatuliza, na kipimo kikizidi ni sumu.

Mlango wa mwisho ni nyumba yenyewe. Tangu Serikali ianze kuhamia Dodoma mwaka 2016, familia nyingi zimehama, baba huku, mama Dar es Salaam, mtoto na dada wa kazi ambaye mwezi ujao ni mwingine. Kuna mdogo aliyezaliwa, kuna ugomvi wa usiku, kuna kipigo. Mtoto anayeishi kwa hofu anakuwa macho muda wote, na ukimtazama darasani utadhani ni ADHD.

Sasa, tufanye nini? Habari njema ni kwamba hamhitaji kusubiri jina. Miongozo ya Marekani na ya Uingereza inakubaliana kwamba kwa mtoto wa umri huu kazi ya kwanza ni kuwafundisha wazazi na walezi namna ya kuongoza tabia, na dawa hufuata baadaye sana, ikibidi. Mbinu hizohizo zinamfaa pia mtoto ambaye hana ADHD.

Shikeni jambo moja: mtoto huyu anaongozwa na kilicho karibu. Neno lililotoka mbali halimfikii, zawadi ya Jumamosi haimhusu, na adhabu ya baba atakaporudi jioni kwake haina uhusiano na kikombe alichokivunja saa tatu asubuhi. Ndiyo maana fimbo inashindwa. Anakumbuka maumivu na nani aliyempiga, lakini kosa limeshamtoka kichwani. Kesho anarudia, na ninyi mnaongeza fimbo.

Basi tupunguze umbali. Agizo linatolewa hivi. Acha unachofanya, mwendee mpaka umbali wa mkono. Inama au chuchumaa, macho yenu yalingane. Zima televisheni. Taja jina lake, subiri akutazame. Toa agizo moja, fupi, la kitu cha kufanya: "Juma, weka kikombe mezani." Usimuulize "unaweza kuweka?", maana atakujibu hapana na atakuwa amesema kweli. Usiseme "acha ujinga", hajui aanzie wapi. Kisha nyamaza, hesabu moyoni mpaka tano. Hapa ndipo wengi tunaharibu. Tunarudia agizo sekunde ya pili, na kila tukirudia yeye anaanza upya kulielewa. Akiweka, msifu palepale na utaje alichofanya: "Umeweka kikombe mezani mara moja, vizuri." "Mtoto mzuri" peke yake haimwambii kitu.

Kila siku mpe dakika 10 za mchezo ambao yeye ndiye kiongozi. Hakuna kumfundisha, hakuna kumuuliza rangi gani hii. Anajenga kijumba cha udongo, wewe unasema unachokiona: "Umeweka ukuta, sasa unaweka mlango." Hata siku aliyokosea msimnyime, kwa sababu mtoto anayesikia jina lake kwa ukali tu hana sababu ya kugeuka akiitwa.

Kwa tabia mnayotaka ikue, tumieni visoda. Chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, tabia mbili tu, kwa mfano kukaa mpaka amalize kula na kushika mkono barabarani. Kila akifanya, kisoda kinaingia chupani saa hiyohiyo na mlio wake ausikie. Visoda vitatu vinabadilishwa siku ileile kwa hadithi, au kumwagilia mchicha na babu. Msimnyang'anye kisoda alichokipata, hata akikosea nini. Na chupa ikae juu, maana kisoda kinaweza kumkaba mdogo wake.

Kulialia na kujigaragaza visivyo na hatari, msivitazame. Lakini jueni kwamba siku za mwanzo vitazidi kwanza, kwa sababu anajaribu kama mlango wa zamani bado unafunguka. Ukivumilia vilio kumi na tisa ukampa biskuti kwenye cha ishirini, umemfundisha kulia mara ishirini. Kupiga na kung'ata ni tofauti. Hapo anakaa pembeni, kwenye mkeka, mahali unapomwona, dakika 3, bila hotuba. Siyo stoo, siyo gizani, siyo nje ya geti. Zikiisha anarudi kwenye shughuli na jambo limekwisha.

Shika daftari la kurasa chache kwa siku 14, safu tatu: kabla, tendo, baada. Mfano wa mstari mmoja: Jumanne saa 12 jioni, kabla, televisheni imezimwa ghafla, tendo, amemrushia mdogo wake kikombe, baada, televisheni imewashwa ili anyamaze. Hapo daftari limeshawaambia tatizo liko wapi. Mtoto aonywe mapema, "wimbo huu ukiisha tunazima", na anapozimiwa kuwe na kitu kingine cha kushika. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidi saa 1 ya skrini kwa siku, na wenye miaka 3 na 4 wapate dakika 180 za kujongea, angalau 60 kati yake za kukimbia na kuruka hasa. Mtoto aliyefungiwa ndani ya geti tangu asubuhi zile dakika atazichukua kwenye makochi yenu.

Walimu, najua madarasa yenu yamejaa, kwa hiyo nasema yanayowezekana. Akae mbele, mbali na mlango na dirisha, kati ya watoto wawili watulivu. Kipindi cha dakika 20 kikateni vipande viwili, katikati wimbo wa kusimama na kuruka kwa wote. Mpeni kazi ya miguu: kugawa vifaa, kufuta ubao, kupeleka chaki darasa la jirani. Na mapumziko msimnyime kama adhabu, hayo ndiyo yanayomsaidia kukaa kipindi kinachofuata.

Usalama hauna mjadala. Watoto hawa huumia zaidi ya wenzao. Jiko la mkaa liinuliwe, mafuta ya taa yasikae kwenye chupa ya soda, kisima kifunikwe. Barabarani mshike kifundo cha mkono, vidole huchomoka.

Mkifanya haya kwa wiki nane hivi bila mabadiliko, nendeni hospitali. Nendeni mapema zaidi kama amepoteza maneno aliyokuwa akiyasema, anaduwaa, au anajiumiza. Anzieni kliniki ya mtoto mnayoizoea, waombe rufaa. Huduma za afya ya akili zipo hospitali ya Mirembe, hapa Dodoma, na najua jina hilo mtaani limegeuzwa tusi. Mtoto anayepelekwa kupimwa hajawa kichaa, na mzazi anayempeleka anastahili heshima. Dawa iitwayo methilifenideti ipo, lakini kwa watoto wa umri huu husaidia kidogo kuliko kwa wakubwa na huleta zaidi kukosa hamu ya kula, kukosa usingizi na hasira. Iandikwe na mtaalamu, uzito na urefu vipimwe kila mahudhurio, na isinunuliwe wala kuazimwa kwa jirani.

Siku ya kwenda chukueni kadi ya kliniki, dawa zote anazotumia, maneno mawili matatu ya mwalimu yaliyoandikwa kwa mkono, na lile daftari. Mpeni mhudumu daftari kwanza, kabla mtoto hajaanza kuzunguka chumba na kabla hamjaanza kujitetea.