Simba Aliyeonekana Mwana-Kondoo: Kumtambua Kristo kwa Sitiari za Maandiko

(Mhadhara uliotolewa Kampala mbele ya wachungaji na makatekista)

Waheshimiwa mapadri na wachungaji, makatekista, na ndugu zangu nyote mliofika,

Nawashukuru kwa kunialika, na zaidi kwa kuchagua tuzungumze Kiswahili, kwa kuwa humu ukumbini wamo waliotoka Arua, Kasese, Busia na hapa Kampala penyewe, na kila mmoja ana lugha ya nyumbani ambayo jirani yake haijui. Mada mliyonipa inatokana na swali ambalo Yesu aliwauliza wanafunzi wake pande za Kaisaria Filipi: "Nanyi mwaninena mimi kuwa ni nani?" Petro alijibu kwa vyeo: Kristo, Mwana wa Mungu aliye hai. Lakini Yesu anapojieleza mwenyewe, hasa katika Injili ya Yohana, hujiita chakula, nuru, mlango, mchungaji, mzabibu. Sisi wahubiri tumezoea kuzitumia sitiari hizi kama maua ya kupambia mahubiri. Mimi nazisoma kuwa jibu lenyewe la swali lile, ila haziwezi kufunguka mpaka tuulize kila moja ilikuwa ya nani kabla yeye hajaitwaa.

Tuanze na mchungaji. Wafugaji wa Ankole waliomo humu hawahitaji kufundishwa maana ya mchungaji anayewaita kondoo wake kwa majina yao, kwa kuwa Mhima humpa ng'ombe jina kwa rangi yake na umbo la pembe zake, na ng'ombe huyo akisikia sauti anayoijua huinua kichwa. Picha hiyo ni ya upole, lakini upole wake usitufiche ukali uliomo ndani. Katika Ezekieli sura ya 34, Mungu anawakemea wachungaji wa Israeli, yaani watawala wake, kwa kuwa wanachinja walionona na kuvaa sufu huku kundi likitawanyika milimani. Kisha anatangaza kwamba yeye mwenyewe atawatafuta kondoo wake na kuwalisha. Mbele kidogo, katika sura hiyohiyo, anaahidi kumweka mchungaji mmoja juu yao, Daudi mtumishi wake. Sasa atakayechunga ni nani, Mungu au Daudi? Nabii anaziacha ahadi zote mbili zisimame bila kuzipatanisha. Basi mtu anaposema mbele ya watu wanaoyajua Maandiko, "Mimi ndimi mchungaji mwema," anaingia mahali palepale ambapo Ezekieli aliacha swali wazi. Wasikilizaji hawakukosa kuelewa: kabla sura ya kumi ya Yohana haijaisha, wameshaokota mawe wampige.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko lugha nyingine nyingi. Mtu akisema "mimi ni mchungaji," ametoa taarifa ambayo wachungaji elfu wanaweza kuitoa pamoja naye. Akisema "mimi ndimi," amewaondoa wote wanaodai nafasi hiyo akabaki peke yake.

Mzabibu unatupeleka upande mwingine kabisa. Zaburi ya 80 inasema Mungu alileta mzabibu kutoka Misri akaupanda, na Isaya sura ya 5 inaeleza waziwazi kwamba shamba hilo la mizabibu ni nyumba ya Israeli. Mzabibu, basi, ni taifa, nalo ni taifa lililozaa zabibu-mwitu. Yesu anapojiita mzabibu wa kweli, huku Baba akiwa mkulima, anasimama mahali pa watu wa Mungu, akizaa matunda ambayo wao hawakuyazaa. Kwa sitiari ya mchungaji anashika kazi ambayo Mungu alisema ataifanya mwenyewe. Kwa sitiari ya mzabibu anabeba jina la wale waliopandwa na Mungu. Ndiyo maana siungi mkono wanaosema tuwahubirie wakulima wa Buganda kwamba Yesu ni mgomba wa kweli. Mgomba unajulikana, unalisha nyumba, nami naupenda. Lakini hakuna zaburi inayousimulia, na ukiuweka mahali pa mzabibu unakuwa umeikata historia yote ya Israeli iliyomo ndani ya neno lile.

Chakula ni jambo jingine. Neno la Kigiriki katika Yohana sura ya 6 ni mkate, lakini Biblia ya Kiswahili ya Union imesema "chakula cha uzima," na Biblia ya Kiganda nayo imesema "emmere." Mganda akisema emmere, kwanza kabisa anafikiria matooke, kwa hiyo hapo tafsiri imeingia jikoni bila kupotosha kitu, kwa sababu mana ya jangwani, ambayo Yesu anailinganisha na nafsi yake, haikuwa mkate wa kuokwa na mwanadamu. Ilikuwa chakula cha kila siku, ambacho kisipokuwapo watu hufa.

Hatari huanza pale mtu anapoishika sitiari moja na kuzifukuza nyingine. Ario, kasisi wa Aleksandria katika karne ya nne, na wafuasi wake waliegemea sana sitiari ya Hekima katika Mithali sura ya 8, ambamo, katika tafsiri ya Kigiriki, Hekima inasema, "Bwana aliniumba." Wakaisoma Hekima hiyo kuwa ni Kristo, wakahitimisha kwamba Mwana ni kiumbe. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, ulijibu kwa neno gumu la kifalsafa, kwamba Mwana ana asili moja na Baba, lakini katika kanuni ileile ya imani uliweka pia sitiari: Nuru kutoka katika Nuru. Huwezi kulikuta jua lililotangulia kuwapo bila mwanga wake. Nadhani Wakristo wengi wameishika imani ya Nikea kwa njia ya nuru ile kuliko kwa njia ya lile neno gumu.

Nimeiacha mwishoni sitiari inayonishughulisha zaidi. Katika Ufunuo sura ya 5, Yohana analia kwa kuwa hapana anayestahili kukifungua kitabu chenye mihuri saba. Mzee mmoja anamwambia asilie, kwa kuwa Simba aliye wa kabila la Yuda ameshinda. Yohana anatazama, na anachokiona ni Mwana-Kondoo amesimama, kana kwamba amechinjwa. Kwa Baganda, simba na kondoo ni miziro, yaani wanyama walio alama, ya koo mbili, Mpologoma na Endiga, na mtu huwa wa ukoo wa baba yake tu. Hakuna awezaye kuzaliwa katika zote mbili. Yohana anasikia ukoo mmoja na kuona mwingine, na ni mtu mmoja. Tangu hapo kitabu hakimwiti tena Kristo simba, bali kinamwita Mwana-Kondoo mara 28. Kushinda hakujafutwa, kumeelezwa kwa jeraha.

Kisha, katika sura ya 7, kunakuja sentensi ambayo hakuna mfugaji angeithubutu: Mwana-Kondoo aliye katikati ya kiti cha enzi atawachunga, na kuwaongoza kwenye chemchemi za maji ya uhai. Aliyechinjwa ndiye anayelichunga kundi, tena akiwa kwenye kiti cha Mungu, naye ni wa kabila la Yuda, ambalo Daudi alitoka. Lile swali la Ezekieli, kama atachunga Mungu au atachunga Daudi, Yohana analijibia hapo. Nami naishia hapo, ili tupate muda wa maswali yenu.