Viatu vya Mtoto na Mkataba Ambao Kenya Haijautia Sahihi
(Mhadhara uliotolewa Kisumu)

Hamjambo wenzangu. Mlionisikia Kakamega mnajua naanza na viatu. Leo tena naanza navyo, kwa sababu hakuna kilichobadilika.

Mama mmoja wa Vihiga, muuguzi Uingereza, alimruhusu mumewe aje na mtoto wao wa miaka 5 amsalimie nyanya yake likizo ya Agosti. Tiketi ilikuwa ya kwenda na kurudi. Mume akabaki naye huku. Mama akapata amri ya korti ya kule kwamba mtoto arudishwe, akapanda ndege nayo ikiwa na mhuri, akiamini wiki haitaisha kabla hajaondoka na mwanawe.

Mimi, wakili wake, niliifikisha amri hiyo mbele ya hakimu wa hapa. Huku ikawa ushahidi tu. Kesi ikaanza upya. Ripoti ya afisa wa watoto bado haijaja. Wakili wa upande wa pili ni mgonjwa. Korti iko likizoni. Mama anarudi kazini, anaomba ruhusa, anakuja tena. Siku aliyokubaliwa kumwona, alileta viatu alivyonunua kwa saizi aliyoikumbuka. Havikuingia. Alipiga magoti akavisukuma, akalegeza kamba, akasukuma tena. Mtoto akalalamika kwa Kijaluo, lugha ambayo mama haijui, naye mama akanigeukia mimi nimfasirie. Nikamwambia: anasema vinamuuma.

Mkataba wa Hague wa 25 Oktoba 1980, unaohusu watoto waliotoroshwa kutoka nchi moja hadi nyingine, uliandikwa kwa ajili ya mambo kama haya. Afrika Kusini wamo. Zambia wamo. Japani ilijikokota hadi 2014, ikaingia. Sisi tuko kwenye mkataba mwingine wa Hague, ule wa kuasili watoto. Huu tumeuacha nje!

Najua kuna anayenong'ona hapo nyuma: "Wakili anataka watoto wetu wapewe Wazungu." Huyo mama ni Mzungu wa wapi? Mkataba haumpi mzazi yeyote mtoto. Unauliza makazi ya mtoto yalikuwa wapi; habari ya nani amlee inaamuliwa na korti ya huko. Ombi likiletwa kabla mwaka haujaisha tangu mtoto atoroshwe, anarudishwa bila kukawia. Kukiwa na hatari kubwa kwake, kifungu cha 13 kinamruhusu hakimu kukataa. Na mtoto akitoroshwa kutoka Nyalenda kupelekwa ng'ambo, baba aliyebaki hapa leo atabisha mlango gani?

Mtaniambia tuna Katiba, kifungu cha 53, na Sheria ya Watoto ya 2022: masilahi ya mtoto kwanza. Ndiyo, na ni sheria nzuri. Lakini inamfunga hakimu wa hapa. Ukivuka mpaka pale Busia, imebaki nyuma yako.

Nilikuwa na mengi kuhusu pasipoti za watoto, ila mwenyekiti ananionyesha saa. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge. Karatasi za ombi la kutaka Kenya iingie kwenye mkataba huu ziko mezani pale mlangoni. Andikeni jina na nambari ya kitambulisho kabla hamjatoka.